Kasuku Anasema Niache

Jumatatu, 1 Julai

Bismillahi. Daftari hili ni la binti yangu Shadya, la wakati anasomea ualimu. Nimelikuta mvunguni, kurasa nne tu zimeandikwa. Hizo nimezichana. Naandika kwa sababu nyumba imenyamaza, na mie si mtu wa kukaa barazani nikatoa ya ndani.

Jina langu Matano, wa hapa Gando, miaka hamsini na mbili. Nina mikarafuu thelathini na moja ya urithi. Mke wangu Mwanamize yuko Mgogoni kwa kaka yake Abdulsamad tangu Alkhamisi. Aliteleza ukumbini akaangukia bega, ukavunjika mtulinga. Kaka yake kaja na gari kamchukua, hata kwaheri hakunipa. Ndivyo ilivyokuwa.

Nimebaki na kasuku. Jina lake Mwinyi, wa kijivu, mkia mwekundu. Nilimpata kwa baharia bandarini Wete mwaka wa tisa huu, kifaranga hata manyoya hayajamkaa. Mwanamize ndiye aliyemlea, kwa uji wa mtama na kijiko cha chai. Ndege huyu akitunzwa anafika miaka hamsini. Anataka alizeti, mahindi mabichi, papai. Pilipili anakula kama siye tunavyokula tende, haimuwashi. Anataka mfupa wa dome, ndugu yake pweza, wa kunolea mdomo, na maji mapya kila asubuhi. Moshi asisogezewe.

Jumanne, 2 Julai

Mwinyi hajala.

Jumatano, 3 Julai

Hajala. Akiniona anakwenda kwenye pembe ya kitundu anajibana.

Ijumaa, 5 Julai

Leo kasema.

Nilikuwa nachota maji ya udhu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ukumbini: "Hodi!" Nikageuka kama mjinga. Halafu mlio wa kifuniko cha sufuria kinaanguka kwenye saruji, kikazunguka mpaka kikatulia, hivyo hivyo kama cha kweli. Halafu sauti ya Mwanamize: "Niache! Matano, niache!"

Nilimfundisha huyu ndege "assalamu alaykum" wiki tatu nzima, hakuishika. Hili kalipata kwa mara moja. Kasuku ndivyo alivyo, neno la polepole linampita, linalosemwa kwa moto linamganda.

Nilifurahi, niandike kweli. Kwa sababu msikitini watu washaanza kuuliza. Baada ya sala Shehe Haitham alinishika mkono. "Bwana Matano, Bi Mwanamize hajambo? Nasikia yuko kwao."

Nikamwambia, "Shehe, mwenyewe kataka talaka. Kanambia niache."

"Kuna sababu?"

"Hapana sababu. Nimempa kila kitu."

Shehe akatikisa kichwa. Anayedai talaka bila sababu, harufu ya pepo haramu kwake, hilo kila mtu analijua. Nikaona nyuso zinanigeukia kwa huruma. Mzee mmoja akasema, "Karafuu ndio hizo zaiva, na mke ndio anadai talaka. Wanawake wa siku hizi bwana!" Wakacheka. Mie nikacheka.

Jumapili, 7 Julai

Nimefanya jambo. Nimemwita Shehe Haitham na wazee wawili waje wanywe kahawa ukumbini. Nikakiweka kitundu cha Mwinyi karibu yao, nikamkatia papai, nikangoja. Kikombe cha pili ndege akaanza. Hodi. Kifuniko. Niache, Matano, niache.

"Mnamsikia?" nikawaambia. "Hata ndege shahidi. Kwa siku mara ngapi mwanamke analisema mpaka ndege analishika?"

Wazee wakavuta "astaghfirullah" ndefu. Shehe aliliangalia lile jicho la ndege, la njano, akanywa kahawa yake mpaka chicha.

Walipoondoka, Bi Masika, jirani yangu, ajuza wa watu, akapaza sauti kule nyuma ya ua wa makuti. "Matano mwanangu! Na kile kifuniko, chenyewe kimedai nini?"

Nikamjibu, "Bibi, vyako vimekushinda?"

"Vyangu havipigi kelele," akasema.

Jumatano, 10 Julai

Tumeanza kuchuma. Jua zuri.

Alkhamisi, 11 Julai

Jua. Karafuu pishi nyingi.

Jumatatu, 15 Julai

Maneno yameshafika Mgogoni kabla yangu. Shadya kanipigia simu kutoka Wete. Jana mama yake alikwenda mazikoni na mkono umefungwa kifuani, wanawake wakamkalia mbali. Mmoja akamwambia mbele ya watu, "Wewe unayemkimbia mumeo mzima, hata ndege wake anajua." Akarudi kwa kaka yake akajifungia.

Nikamwambia Shadya, "Arudi kwake, maneno yataisha."

Akasema, "Baba." Kisha akakata.

Ijumaa, 19 Julai

Nimetoka Mgogoni. Mdomo umevimba, naandika nimeinamisha kichwa pembeni damu isidondoke kwenye karatasi.

Nilikwenda kumchukua mke wangu. Nilifika mlangoni kwa Abdulsamad nikapiga hodi. Ndani nikasikia kitu kimeanguka. Sikukitia akilini.

Abdulsamad akatoka yeye. "Umefuata nini?"

"Shemeji, nimefuata mke wangu. Sijamwacha. Talaka anayoidai simpi."

"Anayoidai?" Akanicheka usoni. "Wewe Matano, una uso wewe?"

"Mwite mwenyewe nje, tumuulize mbele yako."

"Nyumbani kwangu huamrishi mtu."

Nikampita. Akanishika kanzu, ikachanika begani. Nikampiga kiwiko cha kifua, akayumba, nikafika mpaka kwenye pazia la chumba. Nilishalishika pazia. Hapo akanikamata nyuma, akanigeuza, akanipiga ngumi ya mdomo, nikaona nyota. Nikamrukia. Tukaangukia kwenye jamvi la karafuu zao, tukazitapanya uani mzima, mie juu, yeye juu. Nilimshika koo. Nilibana, naandika kweli, nilibana mpaka macho yakamtoka, na nilikuwa naona raha.

Shadya ndiye aliyetutenganisha, kwa ndoo ya maji ya baridi, kama mbwa. Kumbe alikuwepo. Akasimama mlangoni mikono kaitanua.

"Baba, toka."

"Mwanangu, mie nataka kusema na mama yako tu."

"Mama yangu kakusikia. Anakusikia kila siku. Unajua yule ndege wako? Wewe ulikuwa ukiingia nyumbani mara moja kwa siku, saa ya alasiri. Mama alikuwa akikusikia mara ishirini. Anapika, hodi! Anasali, hodi! Kila hodi anasimama, anaangalia chungu kama kimeiva, anaangalia sakafu kama ni safi. Mara ishirini, Baba. Miaka. Nilimwambia tumtupe huyo ndege, akasema ndege hana kosa."

Abdulsamad alikuwa anakohoa pale chini. Ndani ya chumba sikusikia hata pumzi.

Nikaondoka. Njiani watoto wa chuo cha Kurani walinicheka na kanzu yangu yenye bega moja.

Jumamosi, 20 Julai

Nimemuumiza Mwinyi.

Asubuhi kaanza tena. Hodi. Kifuniko. Niache. Nikamwambia nyamaza. Akarejea. Nikapiga kitundu kwa kiatu. Akarejea kwa haraka zaidi, hodi niache hodi niache, mabawa yanapiga nyaya. Nikatia mkono ndani nimkamate. Akaniuma kidole cha shahada mpaka kwenye mfupa. Nikamvuta nje nikamtupa ukutani.

Ukuta ni ule ule.

Alianguka chini akakaa kama tambara. Bawa la kushoto limelala. Hakulia. Alinitazama tu, na mie nimesimama, damu inanichuruzika, na kitu kikanambia mmalize. Nilinyanyua mguu. Sijui nani aliyeushusha pembeni.

Jumapili, 21 Julai

Bwana mifugo kaja kutoka Wete. Kamfunga bawa na kifua pamoja kwa bendeji, kakata tundu ndogo za miguu. Wiki tatu asiruke, asipande. Kitundu kitandikwe kitambaa chini, maji yawekwe karibu, chakula laini. "Kafanywa nini huyu?" akaniuliza.

"Kateleza," nikasema.

Nililisikia lile neno likitoka.

Jumatatu, 22 Julai

Mvua ya mchoo, ile ya kipupwe. Tumekimbilia kukusanya karafuu jamvini. Nusu zimerowa.

Jumatano, 24 Julai

Mvua. Mwinyi anakula uji wa mtama kwa kijiko cha chai, nikimgeuzia uso pembeni. Nikimtazama hali.

Jumamosi, 27 Julai

Mvua. Hajasema neno tangu siku ile.

Ijumaa, 2 Agosti

Jua limerudi. Anajinyonyoa manyoya ya kifua, moja moja, mpaka nyama inaonekana. Bwana mifugo kasema kwa simu si ugonjwa. "Ana hofu. Kaa naye tu, fanya kazi zako karibu yake, usipaze sauti." Basi nachambua karafuu ukumbini. Natenga karafuu upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, upande ule. Navunja, tak, tak. Kila nikivunja anaruka.

Nimehamia kuchambulia uani.

Jumapili, 11 Agosti

Bendeji imetolewa. Bawa limekaa, limepinda kidogo. Hataruka tena kuruka kwa maana. Shadya kaniletea ujumbe mmoja kwa simu: Mama nae katolewa mkono kifuani leo. Hakuandika zaidi.

Jumatano, 14 Agosti

Leo tumempiga mtu.

Saa nne asubuhi, nikiwa shambani, nikasikia ukelele wa "mwizi!" upande wa pili wa bonde. Mtu mzima mwenye watoto, anaitwa Ridha, kakutwa juu ya mkarafuu usio wake na gunia limejaa nusu. Tulikuwa watu sita. Nilifika wa kwanza, na upembo wangu mkononi, ule mti mrefu wenye ngoe wa kuvutia matawi. Wa kwanza kumpiga nilikuwa mie. Alikuwa anateremka, hajagusa hata chini. Nilimpiga ya mgongo akaanguka, wengine wakaingia. Mateke, mawe, mwengine na kipande cha mbao. Nikampiga mdomoni. Meno yalitoka, niliyaona kwenye majani.

Na yeye chini, mikono kichwani, anasema: "Niacheni! Jamani, niacheni! Niacheni!"

Upembo wangu ulikuwa juu. Ukabaki juu.

Kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyesema: mnamsikia, anadai talaka.

Mtu anayepigwa akisema niache anaomba kuachwa. Mtoto wa miaka miwili analijua hilo. Kasuku analijua.

Nikautupa upembo, nikamlalia Ridha kwa juu. Mateke mawili matatu yakanipata mie ubavuni kabla hawajatambua. "Matano, umeingia wazimu?" mmoja akaniuliza. "Si wewe uliyeanza?"

"Ndio mie niliyeanza," nikasema. "Mwacheni."

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mie nimemkumbatia nyuma asianguke. Damu yake imekauka kwenye shati langu na bado nimelivaa.

Alkhamisi, 15 Agosti

Nimeandika uongo tarehe mosi Julai. Sasa naandika ilivyokuwa. Allah ananiona na kalamu hii.

Alkhamisi ile, tarehe ishirini na saba Juni, nilitoka shambani alasiri. Nilikuwa nimechonga upembo mpya kwa ajili ya msimu, nimeubeba begani. Nikapiga hodi. Hodi yangu najua ilivyo, haiombi kitu. Mwanamize alikuwa anafunika sufuria ya mchuzi. Akashtuka, kifuniko kikamtoka mkononi, kikapiga sakafu. Nikadhani ananitupia.

"Unamtupia nani vifuniko?"

Akasema, "Kimenitoka, Matano, wallahi kimenitoka."

Nikampiga ya kwanza miguuni. Akakimbilia ukumbini, pale pembeni penye kitundu. Nikamshika kwa nywele kupitia mtandio, nikamkandamiza ukutani. Akasema niache. Matano, niache. Hakuinua hata mkono. Nikampiga ya pili mgongoni. Alipogeuka kunitazama, nikampiga ya tatu, juu kwenda chini, na ule mfupa ukalia tak, kama konyo linavyovunjika, mlio mdogo tu, safi. Mwinyi juu yetu anapiga mabawa. Halafu nikaacha. Nikanawa, nikaenda kusali alasiri.

Nilikwenda kusali.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka ule Shadya anazaliwa nilimpiga kofi, nikalia, nikamnunulia vitenge. Baadae nikaacha kulia, baadae nikaacha kununua. Meno yake mawili ya upande ni mie. Kovu la kwenye nyusi ni mie. Lile la mkononi tuliwaambia watu mafuta ya moto, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia, mie nimekaa pembeni nakunywa chai.

Alikuwa ananiomba nimuachie mwili wake. Mie nikalichukua neno lake lile lile, nikalipeleka msikitini likawa talaka, nikamvisha dhambi, nikamleta na ndege kuwa shahidi. Kumpiga nilimpiga mie peke yangu. Kwa neno lile nimempigisha mji mzima.

Jumanne, 20 Agosti

Nilikwenda kumtazama Ridha kwake. Mdomo umeshonwa. Nikamwambia nimekuja kutaka radhi.

Akaongea kama mwenye maji mdomoni. "Radhi zako zitatafuna muhogo, Mzee Matano? Maana mie siwezi."

Akajifuta mate kwenye mshono.

"Lakini ulinilalia," akasema. "Nilidhani unanimaliza. Kwa nini ulinilalia?"

"Nilikusikia unavyosema."

"Ah! Wote mlinisikia."

Ijumaa, 23 Agosti

Nilitaka kusimama msikitini leo. Miguu haikusimama. Nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba magunia. Mwinyi kala papai mkononi kwangu, kisha kaenda pembeni.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimesimama.

Ilikuwa baada ya salamu, watu wanataka kunyanyuka. Nilimwomba Shehe Haitham ruhusa, akanipa kwa kichwa. Nikasema: "Ndugu zangu, mlinisikia mwezi wa saba nikisema mke wangu Mwanamize kadai talaka. Nilimzulia. Hakudai talaka. Alikuwa anasema niache kwa sababu nilikuwa nampiga na upembo. Mtulinga wake nimeuvunja mie. Hakuteleza. Ndege mliyemsikia alikuwa anawaambia hilo, na mie nikawatafsiria vingine."

Mzee mmoja wa wale wa kahawa akaninong'oneza kwa ukali, "Kaa chini bwana, mambo ya ndani hayo! Unajivua nguo."

Shehe Haitham akasema, "Mwacheni aseme."

Nikasema, "Wake zenu wamemtenga Mgogoni. Waambieni."

Nimekaa. Hakuna aliyenishika mkono tulipotoka. Mmoja, mwenzangu wa kuchuma tangu ujana, alitema mate karibu na ndara zangu. Sikumlaumu. Halafu nikakumbuka kwamba namjua mke wake, na namjua yule mke anavyovaa mikono mirefu hata kwenye joto. Yeye nae hakutema mate kwa ajili ya Mwanamize.

Barazani kwake Bi Masika alikuwa anatwanga. Hakunyanyua uso. "Leo umerudi na kifuniko chako," akasema.

Jumapili, 1 Septemba

Nilikwenda Mgogoni na Shehe Haitham. Nilisimama nje kwenye jua, sikupiga hodi. Shehe ndiye aliyepiga.

Abdulsamad alitoka na panga mkononi, kaliweka makusudi nilione. Alama za vidole vyangu shingoni kwake zishaondoka, lakini mie nilikuwa naziona. Nikamwambia, "Shemeji, kama unataka kunipiga, sitainua mkono." Akanijia. Akanipiga kofi moja la sikio, zito, bado linalia mpaka sasa navyoandika. Akaliinua la pili. Kisha akaushusha mkono. "Huna hata ladha," akasema.

Tukaingia. Mwanamize alikuwa nyuma ya lile pazia. Shadya kakaa mlangoni pake.

Nikasema nimekuja kumpa talaka yake kama anaitaka, na kama anataka kunishtaki, mie mwenyewe nitakwenda polisi Wete kueleza, asihitaji hata kuja.

Abdulsamad akataka talaka tatu pale pale. "Moja ni kamba," akasema. "Ana miezi mitatu ya eda ya kuivuta. Atakaa kwake Gando, siku moja karafuu zimemlevya, aseme nimekurejea, basi, keshakuwa mke wake tena! Hata hahitaji kumuuliza!"

Shehe akasema kweli, ndivyo sheria ilivyo, lakini tatu kwa pamoja yeye hataki kuziandika.

Hapo pazia likasema. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu Juni, isipokuwa kwa ndege.

"Aandike moja."

"Mwanamize," kaka yake akasema.

"Aandike moja, Kaka. Miaka ishirini na sita kila neno lililomfika mdomoni amelisema, na kila alipotaka mkono uende umekwenda. Nataka nimuone miezi mitatu anakaa na neno mdomoni asiliseme. Akilisema, nitakwenda kwa kadhi na polisi pamoja, na Shadya atanisindikiza. Asipolisema, nitajua niliachwa."

Nikaandika. Mie Matano nimemwacha mke wangu Mwanamize talaka moja. Herufi zikatoka kama za mtoto. Shehe na mtu mwengine wakashuhudia.

Nilikuwa nimekibeba kitundu cha Mwinyi, nimekiweka nje kivulini. Nikasema, "Na ndege ni wako. Wewe ndiye uliyemlea."

Pazia likauliza, "Anakula?"

"Anakula. Hasemi tena. Nilimvunja bawa."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema, "Ana sauti yako yule. Siku moja ataifungua. Kaa nayo wewe. Na mpe mfupa wa dome, akikosa mdomo unamrefuka."

Ijumaa, 6 Septemba

Sikusema.

Ijumaa, 13 Septemba

Sikusema. Maulidi yanakaribia, harufu za pilau kila nyumba. Kwangu muhogo.

Ijumaa, 27 Septemba

Leo nimekaribia. Nilikuwa juu ya mkarafuu, peke yangu, hakuna wa kunisikia, na neno likanijaa mdomoni kama mate. Nimekurejea. Neno moja. Halitaki shahidi, halitaki awepo, ningelisema kwenye majani tu lingekuwa. Nikaanza kufikiri nani mwanaume hapa, nani mwenye mke, hasira ikanipanda kutoka miguuni, ile ile, naijua inavyopanda. Nikakitia kinywani kidole kile alichonitoboa Mwinyi, nikakiuma mpaka kovu likafunguka.

Sikusema.

Jumatano, 16 Oktoba

Ridha kaja kunisaidia kubeba magunia. Sikumwita. Kabeba, kanywa maji, kasema "meno ya mbele yanakuja na meli," kaondoka.

Ijumaa, 1 Novemba

Sikusema. Mvua za vuli zimeanza. Manyoya ya kifua cha Mwinyi yameanza kurudi, meupe meupe, laini kama ya kifaranga.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Amenijia mwenyewe kwenye mkono. Kakaa kama dakika tatu. Sikupumua.

Ijumaa, 22 Novemba

Sikusema.

Jumamosi, 30 Novemba

Eda ya Mwanamize imekwisha. Shehe Haitham kanipigia simu baada ya alfajiri kunambia, kama vile mie sikuwa nikihesabu. Kasema, "Sasa huna la kurejea." Nikamwambia ndio, Shehe. Baadae ikaja moja ya Shadya: Mama anasema kajua. Basi. Maneno hayo tu.

Nilidhani ningelia. Nilikwenda jikoni nikabandika mchuzi wa papa, maana siku hizi najipikia. Ilikuwa alasiri. Mvua imekatika, nyumba yote kimya. Nilikuwa nimekishika kifuniko, nataka kufunika.

"HODI!"

Sijui namna ya kuiandika ile sauti. Haiulizi. Inaingia kabla ya mtu. Nilikwisha kuwa nimesimama wima kabla sijajua nimesimama, nimeangalia sakafu kama ni safi, nimeangalia chungu kama kimeiva. Kifuniko kimenitoka mkononi. Kikapiga saruji, kikazunguka, kikazunguka, kikatulia.

Miezi minne hakusema neno. Alikuwa ukumbini, kanyoosha shingo, ananitazama kwa jicho moja kupitia mlangoni. Alikisikia kifuniko cha kweli, akajua kinachofuata.

"Niache," akasema, kwa sauti ya Mwanamize, taratibu sana. "Matano, niache."

"Nimekuacha," nikamwambia.

Nikakiokota kifuniko, nikakiosha, nikaenda kumkatia papai.